Muulize Mwalimu: Wapelelezi waliotia saini ya kunyamaza

Katika toleo lililopita niligusia kwa mistari michache kikosi cha SOG, wapelelezi wa siri wa Marekani katika vita vya Vietnam, ambao sasa ni wazee na wanasimulia waliyoyapitia. Barua zimekuja nyingi kuliko nilivyotarajia, na baadhi ni kali. Nimechukua sita. Waliouliza kuhusu bei za bunduki za zamani, samahani, hapa siyo mahali pake.

Mwalimu, shikamoo. Uliandika kwamba askari hao walinyamaza miaka mingi, hata kwa wake zao. Mimi naona haiwezekani. Vita vimekwisha, mtu amerudi nyumbani, anakosaje kusema? Na kwa nini leo wanasema bila kukoma?
*Mwanafunzi wa kidato cha tano*

Marahaba, mwanangu. Walinyamaza kwanza kwa sababu walitia saini. Kila aliyejiunga aliwekewa karatasi mezani akaahidi kutosema neno, na wengi wao wanasimulia kwamba muda uliotajwa ulikuwa miaka 20. Kikosi kiliundwa Januari 1964 na kikavunjwa 1972. Piga hesabu mwenyewe uone miaka 20 inaangukia wapi. Hapo ndipo masimulizi mengi yanapoanza kutoka.

Lakini karatasi ilikuwepo kwa sababu. Julai 1962, mjini Geneva, mataifa yalitia saini mkataba kwamba Laos, nchi jirani ya Vietnam, isifungamane na upande wowote na majeshi ya kigeni yatoke. Vietnam Kaskazini, adui wa Marekani katika vita hivyo, haikutoka. Ilikuwa na njia zake za kupitishia silaha na askari kwenda kusini, mtandao wa barabara na vijia tunaouita njia ya Ho Chi Minh, na sehemu kubwa ya mtandao huo ilipita ndani ya Laos. Ikakana. Marekani nayo, kuanzia Oktoba 1965, ikaanza kuingiza vikundi vidogo vya upelelezi mle mle. Nayo ikakana. Serikali mbili zikawa zinadanganya kuhusu pori moja, na waliotakiwa kuubeba uongo huo mgongoni ni vijana wa miaka 20 na ushee.

Kwa hiyo kijana aliingia Laos bila beji, bila cheo begani, bila kile kibati cha jina shingoni. Gwanda halikuwa na alama ya nchi yoyote. Akifa, mama yake aliambiwa mwanawe amekufa Vietnam, au Kusini-Mashariki mwa Asia, basi. Hebu fikiria rafiki yake aliyenusurika anakwenda kumpa pole mama huyo. Anajua mahali, anajua saa, anajua neno la mwisho. Atasema nini? Mara nyingi hakwenda kabisa. Hili limo katika masimulizi yao mengi, na kwangu ndilo zito kuliko yote ya risasi.

Tena usisahau: walirudi nchi ambayo haikutaka kusikia habari za Vietnam hata zile za wazi. Ukisema ulikuwa Laos, na rais wako amesema hakuna askari wake Laos, utaonekana mwongo au umerukwa na akili. Nani atajiletea hayo?

Serikali iliwapa heshima hadharani Aprili 2001, kwa tuzo ya rais kwa kikosi kizima, katika kambi ya Fort Bragg. Tangu hapo hata yule aliyekuwa akisita alikuwa na kitu cha kumwonyesha mkewe.

Mimi sitaki habari za mikataba. Nataka kujua wakiwa porini walifanya nini. Siku nzima inapitaje?
*Fundi wa magari*

Fundi, hili ni swali zuri kuliko lile la kwanza, lakini usimwambie mwanafunzi.

Kikundi kilikuwa kidogo. Wamarekani wawili au watatu, na wenyeji wanne hadi tisa: watu wa milimani wanaoitwa Montagnard, au Wanung, kabila dogo lenye asili ya China, au Wavietnam, au Wakambodia. Vikundi vingi vilipewa majina ya majimbo ya Marekani: Iowa, Nevada, Alabama. Kiongozi hakuitwa kwa cheo. Aliitwa Moja-Sifuri, msaidizi wake Moja-Moja, mtu wa redio Moja-Mbili. Na hapa kuna jambo wazee hao hulikazia sana: Moja-Sifuri alichaguliwa kwa uzoefu wa porini. Sajenti angeweza kumwongoza ofisa aliyemzidi cheo, na ofisa akafuata.

Kabla ya kupanda helikopta, kila mtu aliruka-ruka pale uwanjani na mzigo wake wote. Kikilia kitu, kinafungwa kwa utepe. Pete za mkanda wa bunduki zinafungwa. Chupa ya maji iliyofunguliwa ilinywewa ikaisha kabla ya kugusa nyingine, maana maji yaliyobaki nusu yanacheza na yanasikika. Sabuni na sigara ziliachwa kambini, kwa sababu harufu hukutangulia. Wengine walikula chakula cha wenyeji, wali wa kukausha na samaki, siku kadhaa kabla ya safari, ili hata jasho lisiwatambulishe. Wapo waliomvalisha mtu wa mbele sare ya jeshi la Kaskazini na kumpa AK-47. Akikutana ana kwa ana na adui kwenye kijia, yule adui atasita kidogo akijiuliza, na sekunde hiyo moja ilitosha.

Mzigo, sasa. Redio ya mgongoni aina ya PRC-25 peke yake ilikaribia kilo 11 pamoja na betri yake. Ongeza betri ya akiba, risasi, mabomu ya mkono, mabomu ya kutega aina ya Claymore, maji. Halafu chini ya mzigo huo utembee kwa namna hii: hatua chache, simama, sikiliza. Hatua chache tena. Siku nzima wangeweza kwenda umbali ambao wewe unautembea kwenda kununua vipuri. Wa mwisho alirudisha majani yaliyolala na kufukia nyayo, na nyuma yake akanyunyiza pilipili manga au unga wa machozi, kwa ajili ya mbwa wa wafuatiliaji.

Kuzungumza hakukuwepo. Ishara za mkono, basi. Kila siku ndege ndogo ilipita juu kuwauliza kama ni wazima, na adui akiwa karibu mno hata kunong'ona ni hatari. Hapo rubani aliuliza maswali ya ndiyo na siyo, na mtu wa redio akajibu kwa kubonyeza kitufe tu, akasikika kule juu kama mkwaruzo. Mzee mmoja, katika mahojiano yaliyorekodiwa, alisema kwamba hadi leo mkwaruzo wa redio ukitokea ghafla chumbani, kidole gumba chake kinajikunja chenyewe.

Usiku walijipenyeza kwenye kichaka kizito kuliko vyote, mahali ambapo mtu mwenye akili zake hawezi kulala. Wakategesha Claymore pande zote, wakakaa migongo imeegemea mashanta yao, buti miguuni, mikanda kifuani. Hakuna moto. Mwenye kikohozi alimeza dawa yenye kodeini. Mvua ikinyesha, inanyesha. Wengi wanasema walipenda mvua, maana inafunika sauti, ingawa iliwanyima ndege.

Mambo yakiharibika, mtu wa redio alitamka maneno mawili, "Prairie Fire". Maana yake: tumezingirwa, tunamalizwa. Ndege za kivita zilizokuwa jirani ziliacha kazi nyingine zote zikaja. Kama hakuna uwazi wa helikopta kutua, zilishushwa kamba kati ya miti, mtu akajifunga, akanyanyuliwa akining'inia chini ya helikopta kilomita nyingi mpaka mahali salama. Huko juu ni baridi, nguo zimelowa, na kamba imekaza mapaja mpaka miguu haina habari. Walipowekwa chini wengi hawakuweza kusimama.

Ni kweli walikuwa wakiweka risasi za kulipuka kwenye maghala ya adui? Kaka yangu anasema ni hadithi za kijiweni.
*Msomaji asiyetaka jina litajwe*

Ni kweli, mwambie kaka yako. Mpango uliitwa Eldest Son. Risasi za AK-47 na makombora ya mota za milimita 82 yalifunguliwa, baruti ikabadilishwa, yakafungwa upya yasijulikane. Wapelelezi walibeba moja au chache, wakazichanganya na nzuri kwenye akiba waliyoikuta. Ilitakiwa bunduki impasukie mwenyewe usoni, na wenzake waanze kuwatilia shaka Wachina waliowapa. Kwa kuongezea zilisambazwa nyaraka za kughushi za kukuza shaka hiyo. Mimi naiona ni kazi chafu, na baadhi ya walioifanya wanasema hivyo hivyo wenyewe. Lakini hadithi ya kijiweni siyo.

Nimesikiliza wazee wengi wa vita maishani. Kila mwaka adui wanaongezeka. Alianza na kumi, sasa ni mia mbili. Kwa nini tuwaamini hawa wa kwako?
*Karani mstaafu*

Ndugu yangu karani, usiwaamini kwa jumla. Waamini kwa vipande.

Idadi ya adui waliouawa mimi huiruka. Mtu anayekimbia huku akifyatua risasi nyuma hana daftari. Hata idadi zinazotajwa kwa sifa zinahitaji kufunguliwa. Utasikia kwamba mwaka 1968 hasara ya wapelelezi wa SOG ilizidi asilimia 100. Mtu akilisikia hucheka. Siyo uongo lazima, ni namna ya kuhesabu: aliyejeruhiwa mara tatu amehesabiwa mara tatu, na waliokuja kujaza nafasi nao wakajeruhiwa. Tatizo ni pale msimulizi anapolitamka bila maelezo ili umwonee huruma.

Ninachoamini ni kile asichokuwa na sababu ya kukitunga, kama chupa ya maji isiyocheza. Tena naangalia kama watu wawili wasiofahamiana, wa kambi mbili mbali mbali, wanataja jambo dogo lile lile. Na naangalia karatasi, ingawa katika kikosi cha siri karatasi nayo ina uongo wake. Chukua John Kedenburg. Tarehe 13 Juni 1968 kikundi chake kilizingirwa. Nusu waliinuliwa na helikopta ya kwanza. Ya pili ikaja, naye akawa ameshajifunga kwenye kamba, ndipo akatokea Mvietnam wa kikundi chake aliyedhaniwa amepotea. Kedenburg akajifungua, akampa nafasi yake, akabaki chini akipigana mpaka akauawa. Alikuwa na miaka 21. Sasa soma hati ya Nishani ya Heshima aliyopewa baada ya kufa. Inamwita mshauri wa kikundi cha doria cha wapiganaji wa Vietnam Kusini, na inasema tu walikuwa ndani kabisa ya eneo la adui. Hakuna SOG. Tendo limeandikwa kwa undani, kikosi kimefutwa. Ungetegemea hati pekee usingepata nusu ya habari, na nusu hiyo imo vinywani mwa wazee.

Na kuna wakati waandishi ndio waliokosea, wazee wakawa sahihi. Septemba 1970, katika operesheni iliyoitwa Tailwind, Wamarekani 16 na Montagnard wapatao 120 waliingia Laos kwa siku nne. Juni 1998 kituo cha CNN kilitangaza kwamba operesheni hiyo ilitumia gesi ya sumu ya sarini na kuwaua Wamarekani waliotoroka jeshi. Wazee wa Tailwind, waliokuwa kimya karibu miaka 28, walikuja juu. Wakatoa majina, marubani wakajitokeza, waliokuwepo wakasema ilikuwa gesi ya kutoa machozi. Mwezi uliofuata CNN iliifuta habari yake na kuomba radhi. Tabibu wao pekee, Gary Rose, aliyetibu majeruhi kati ya 60 na 70 huku mwenyewe amejeruhiwa, alipewa Nishani ya Heshima Oktoba 2017. Miaka 47, karani. Wewe ulipochelewesha jalada wiki moja ulifokewa.

Mwalimu, mbona wanaosimulia ni Wamarekani tu? Hao wenyeji waliokuwa wengi zaidi kwenye kila kikundi wako wapi?
*Mama wa watoto wanne*

Dada yangu, umenishika pabaya, kwa sababu huo ndio upungufu mkubwa wa masimulizi haya yote, na ningependa watu wauseme kwa sauti.

Hesabu iko wazi. Wamarekani watatu, wenyeji hadi tisa. Aliyetangulia mbele kusoma nyayo ni mwenyeji. Helikopta zilizopendwa kuliko zote zilikuwa H-34 za Kikosi cha 219 cha jeshi la anga la Vietnam Kusini, zikijulikana kama Kingbee. Injini yake ya mitungi tisa imekaa puani, rubani amepandishwa juu yake kama dereva wa lori kubwa, na ilipokea risasi ikaendelea kuunguruma. Waulize wazee wa SOG nani aliwatoa pale ambapo wengine waligeuza, wengi watakutajia marubani hao wa Kivietnam kwa majina ya utani, maana majina kamili hawakuyajua.

Mwaka 1975 Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, ilipoanguka, Wamarekani walikuwa wamekwisha kuondoka. Waliobaki walifungwa kwenye kambi za kufundwa upya, au waliingia msituni. Montagnard wapatao 200 walifikishwa North Carolina mwaka 1986. Wengine wapatao 400, waliokuwa bado porini Kambodia na bunduki zao, walifuata 1992. Ukitaka kujua deni linavyolipwa, baadhi ya waliowapokea na kuwatafutia kazi ni wale wale askari wa zamani wa vikosi maalumu.

Kundi jingine limeumizwa zaidi. Kati ya 1961 na 1968 Wavietnam mamia waliangushwa kwa miavuli au kushushwa kwa mashua ndani ya Vietnam Kaskazini kuwa majasusi, kwanza chini ya CIA, baadaye chini ya SOG. Karibu wote walikamatwa. Huku nyuma waliandikwa kuwa wamekufa, wake zao wakapewa kifuta machozi kidogo, mshahara ukakatwa. Hawakuwa wamekufa. Walikuwa gerezani, wengine zaidi ya miaka 15, wengine zaidi ya 20. Ilibidi washtaki, na mwaka 1996 Bunge la Marekani likapitisha malipo ya dola 40,000 kwa kila mmoja. Gawanya kwa miaka ya gerezani uone ni shilingi ngapi kwa siku. Mimi niligawanya, nikaweka kalamu chini.

Na upande wa pili nao ulikuwa na wapelelezi wake. Usiku wa tarehe 23 Agosti 1968 makomandoo wa Kaskazini waliingia kambi ya SOG ya Da Nang, chini ya milima ya Marumaru, karibu uchi ili ngozi ihisi waya. Waliua askari wengi wa vikosi maalumu usiku ule kuliko usiku mwingine wowote wa vita hivyo. Hao nao wana wajukuu, na wanasimuliwa kwa Kivietnam. Sisi hatuwasikii kwa sababu ya lugha tu.

Babu yangu alikuwa mpelelezi jeshini wakati wa vita. Ana miaka zaidi ya 80. Nikimuuliza anasema "tulitembea sana", kisha ananyamaza. Nifanye nini kabla hajaondoka?
*Mjukuu*

Mjukuu, babu ameshaanza kukujibu. Amesema walitembea. Muulize alivaa viatu gani. Vilimbana wapi? Maji walibebea nini? Nani alitembea mbele yake, na mgongo wa mtu huyo ulionekanaje? Usimuulize kamwe aliua wangapi, wala kama aliogopa.

Mpe kitu cha kushika. Ramani ni bora kuliko picha, na karatasi tupu na penseli ni bora kuliko ramani, kwa sababu mpelelezi amefundishwa kuchora alichokiona. Mwaka 1942 Waingereza na wenzao wa kikosi cha jangwani kilichoanzishwa na Ralph Bagnold waliweka watu wawili wawili kando ya barabara ya pwani ya Libya, wamelala kifudifudi kutwa nzima juani, wakihesabu kila lori na kifaru kilichopita kuelekea mbele. Hawakufyatua risasi, waliandika tu. Kazi ya upelelezi ni hiyo. Mtu aliyeifanya anaweza kushindwa kusema alivyojisikia, lakini akakuchorea daraja na idadi ya nguzo zake.

Kama yuko rafiki yake wa kikosi aliye hai, wakutanishe, kisha wewe nyamaza. Watabishana kuhusu mto, kama ulikuwa kushoto au kulia. Katika ubishi huo utapata mengi kuliko kwa mwaka mzima wa maswali. Usiwaamue.

Rekodi kwa simu, lakini mwombe ruhusa kwanza, kila mara, na akisema zima, zima. Kama anaamini bado amefungwa na kiapo, mheshimu. Muulize yapi anayaona ni ya kwake kuyasema, na mara nyingi ni mengi kuliko ulivyodhani. Andika maneno yake kama alivyoyatamka, majina ya utani na yale ya kambini. Kuyasahihisha na kuyalinganisha na vitabu ni kazi ya baadaye, na ifanye asipokuwepo.

Nenda asubuhi. Wazee wengi wa namna hii hawapendi kuzungumza mambo hayo jua likishazama.